Kirikuu, IST na mteremko wa Soni

Kijiwe cha jirani na stendi ya Lushoto kina sheria zake. Dereva ni mtu anayekanyaga klachi. Wengine wote ni abiria waliokosea kiti. Nikitokea na kirikuu, kigari changu kidogo cha mzigo, kimejaa kabichi napewa heshima zangu zote, "Shikamoo mama, mzigo wa wapi leo?" Nikitokea na Toyota IST yangu isiyo na klachi, vijana wale wale wananiuliza mgongo umefanyaje, maana kwao otomatiki ni gari la wagonjwa na akina mama. Mama ni kweli mimi ni mama. Mgongo wangu ni mzima, na ndio unaopakia hizo kabichi wao wakiwa wamekaa.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Amepata kazi Korogwe, amejibana akaweka hela, sasa anataka gari, na kila aliyemuuliza amemjibu kwa kelele. Baba yake kasema manyuali, mjadala umefungwa. Wenzake wa kazini wanamwambia nani siku hizi ananunua manyuali, ukitaka kuliuza utamuuzia nani? Mwisho akanipigia mimi. "Mama mdogo, wewe unayo yote mawili. Niambie ukweli, usinizungushe."

Haya, sikuzungushi. Mimi naona wanagombania kitu ambacho wala si tatizo. Naishi na barabara ya Lushoto kwenda Mombo, ndiyo shamba langu na ndiyo duka langu, na kwenye mteremko ule nimeona wenye klachi na wasio na klachi wakifanya ujinga ule ule mmoja, kila upande ukiamini upande wa pili ndio usiojua kuendesha.

Kwanza tuache kuongea kana kwamba tulikaa tukachagua. Magari yetu madogo karibu yote yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Tunapata alichochoka nacho Mjapani, na Mjapani tangu 1991 ana leseni ya otomatiki peke yake: unajifunza bila kugusa klachi, unafanya mtihani, unaendesha hivyo hadi uzee. Ndiyo maana ukiingia mtandaoni kutafuta Passo, Vitz au Premio, yenye klachi utaitafuta kwa tochi. IST ya manyuali mimi sijaiona kwa macho yangu. Zikifika hapa zinaendelea kuongea lugha ya kwao. Yangu kila nikiiwasha kulikuwa na dada mmoja ananisomea kwa Kijapani tangazo la kadi ya kulipia barabara za huko, mpaka fundi alipong'oa kile kidude chake chini ya dashibodi. Watoto walilalamika, walikuwa wameshamzoea.

Na wale wanaosema otomatiki ni fasheni ya juzi, Wamarekani walianza kuuziwa Oldsmobile zenye giaboksi ya kujibadilisha mwaka 1939. Nimemhesabia mzee mkubwa kuliko wote pale kijiweni, alikuwa bado hajazaliwa.

Kwenye magari ya kazi mambo ni kinyume. Kirikuu, Canter, Hiace za abiria, Hardtop zinazopanda Mlalo na Mtae, nyingi zina klachi. Kwa hiyo huku milimani unaweza kukuta nyumba moja ina gari la nyumbani lisilo na klachi na gari la kazi lenye klachi, na wanaolijua moja hawaligusi la pili. Kaka yetu anayeishi Uingereza alikuja likizo na leseni yake. Ina namba 78, maana yake huko karuhusiwa otomatiki tu. Nikamkabidhi ufunguo wa kirikuu anisaidie kupeleka karoti. Alikizunguka kirikuu, akachungulia ndani, akaona kanyagio tatu, akaniomba ufunguo wa IST. Nilimheshimu kwa hilo. Kuna wengine wangejaribu.

Sasa kirikuu. Changu ni Suzuki Carry, injini cc 660, kwa sababu Japani daraja la vigari vidogo limewekewa mpaka wa cc 660 tangu 1990. Mzigo ulioruhusiwa kwa daraja hilo ni kilo 350. Hebu zipige hizo kilo 350 kwa magunia: magunia matatu ya kilo mia ya viazi, basi, umebakiwa na nafasi ya mtu mwembamba. Na hapo ni gunia lililofungwa kihalali, siyo lumbesa. Siku ya soko simama pale njia panda ya Soni utazame zinavyopita, halafu uniambie Mjapani aliyechora gari lile angelala usingizi. Injini iko chini ya kiti. Ukipanda kutoka Mombo saa saba mchana, makalio yanajua habari za joto kabla ya geji.

Lakini nakipenda, na sababu ni moja: gia yake inatii. Ukiweka namba mbili inabaki namba mbili mpaka wewe mwenyewe uitoe. Haina maoni.

Kuondoka mlimani ndiko wengi wanakoogopa manyuali, basi ngoja nieleze ninavyomfundisha mtu. Umesimama kwenye kona, mbele yako basi dogo linashusha abiria na kuku, nyuma yako kuna Fuso imekuganda hadi unasoma maandishi ya kioo chake kwa kinyume. Vuta hendibreki mpaka mwisho. Kanyaga klachi hadi chini, tia namba moja. Mguu wa kulia uongeze mafuta kidogo, kidogo tu, usiungurume kama unashindana. Wa kushoto uachie klachi taratibu. Sikiliza. Kuna mahali sauti ya injini inashuka, inakuwa nzito, na gari linajikaza kama mtu anayetaka kunyanyuka na gunia begani. Hapo klachi imeshika. Usiendelee kuachia, subiri hapo hapo. Sasa ondoa hendibreki. Gari linakwenda mbele bila kurudi hata inchi, na dereva wa Fuso hatapata la kusimulia.

Vijana hawapendi hendibreki. Wanabalansi. Anasimama mlimani bila breki yoyote, anaichezesha klachi na mafuta, gari linaning'inia pale pale, mkono nje ya dirisha, anaongea na simu. Kijiwe kinaona huo ndio udereva. Kinachotokea chini ni hiki: pleti ya klachi imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na inapokuwa imeshika nusu, injini inazunguka kwa kasi yake na pleti inateleza juu yake. Inasagika. Ile harufu kali inayochoma pua, wengine wanadhani ni lori la mbele, ni pleti yako inakwisha. Kuibadilisha lazima giaboksi ishushwe, na fundi hakushushii giaboksi kwa asante.

Upande huo otomatiki ilishamaliza ugomvi. Unatoa mguu kwenye breki, unakanyaga mafuta, unaondoka. Mlima wa kusimama kweli unaweza kukurudisha kidogo, hendibreki bado ni rafiki, lakini hakuna cha kuunguza kwa haraka vile. Foleni ya Dar sizungumzii hata. Aliyewahi kwenda na manyuali kutoka Kimara hadi Posta saa moja asubuhi anajua goti la kushoto linavyolia. Mtu anayeishi Dar, haendi shamba, habebi mzigo, akiniuliza anunue nini sina hata haja ya kukohoa. Achukue otomatiki.

Shida ni kushuka.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika hizo tunashuka karibu mita 1,000 kwa wima. Kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde, pale Soni yale maporomoko yanakuonyesha maji yanavyoshuka yasipokuwa na breki. Mjomba wangu alikuwa akishusha mbao za Shume kwa Bedford, na alikuwa na kanuni moja tu ya kutufundisha: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kama ulihitaji namba mbili kupanda, shuka na namba mbili. Watoto wote wa ukoo tuliijua kabla ya kujua kusoma, hata wasiokuwa na ndoto ya kushika usukani.

Mwenye klachi wa leo anafanyaje? Anatia fri. Anafika kileleni, anatoa gia, anaachia gari liserereke, na huku anakwambia anaokoa mafuta. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei mpya ya mafuta na bei ikawa imepanda, wiki ile stendi nzima inashuka na fri.

Na hesabu yenyewe siyo. Injini za siku hizi, ya kirikuu changu na ya IST pia, zinapuliziwa petroli na nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ukiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, gari linashuka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo inafunga nozeli. Petroli haiingii. Ukitia fri injini imeachwa peke yake, haina wa kuizungusha, kwa hiyo inabidi ipewe petroli isizime. Anayeshuka na fri ili asichome mafuta ndiye anayeyachoma. Wazee wa kabureta nawaelewa, enzi zao hesabu ilikuwa nyingine, ila kabureta imekwenda na tabia imebaki.

Kuna wanaozima injini kabisa. Hao sijui niwaambie nini. Breki ya gari dogo inasaidiwa na busta, na busta inategemea injini iwake. Ukizima, unapata kanyaga moja mbili hivi, kisha breki inakuwa ngumu kama unasukuma ukuta. Stelingi nayo inakuwa nzito, na upo kwenye kona. Kwenye malori ya breki za upepo, kompresa inayojaza mitungi inazungushwa na injini hiyo hiyo aliyoizima. Hiyo ya kuzima injini mimi siitanii, watu wameshazikwa kwa hiyo.

Basi kijiwe kitasema, unaona, si tulikwambia, tatizo ni wanaotia fri, sisi tunaoshuka na gia hatuna neno. Sawa. Sasa sikilizeni ya upande wa pili.

Nilikuwa Mombo nahamishia karoti kwenye Fuso la kwenda Dar. Ikashuka Harrier nzuri, nyeupe, ina maua ya harusi bado kwenye boneti, ikasimama karibu na sisi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele, wa bluu, na ile harufu ya breki ambayo watu wa Mombo wanaijua kuliko harufu ya mandazi. Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamzuia. Ukimwagia maji diski iliyopata moto vile unaweza kuipindisha au kuipasua, iache ipoe yenyewe. Dereva, baba wa makamo, amevaa suti ya harusi, akashuka anatetemeka mikono. Akina mama waliokuwa nyuma wakashuka wanamshukuru Mungu kwa sauti.

"Breki zilianza kuzama pale juu," akasema. "Na pedi nimefunga mpya juzi."

Nikamuuliza, "Shikamoo baba. Ulikuwa unashuka na gia gani?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Marahaba mama. Hii ni otomatiki. Haina gia."

Ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi wote wa kijiweni hauna maana. Yule baba alikuwa na gia tele. Zilikuwa pale kwenye mkono wake wa kushoto, zimeandikwa. Kuna P ya kupaki, R ya nyuma, N ya fri, D ya kwenda mbele, na chini ya D kuna vitu vingine, na hakuna aliyemwambia vya nini. Aliyemuuzia hakumwambia. Chuo cha udereva alichosoma, kama ilivyokuwa changu kule Tanga, kilimfundisha kwenye Corolla ya zamani yenye klachi, akafanyiwa mtihani kwa klachi, halafu akaenda kununua otomatiki na akaona ametua mzigo. Klachi aliijua, tatizo ni kwamba alipoacha klachi akadhani na gia ameziacha huko huko.

Giaboksi ya otomatiki kama ya IST yangu ina gia nne. Anayezipangua ni yenyewe, kwa presha ya mafuta, na haina macho. Haioni kona iliyo mbele wala bonde lililo pembeni. Ukishuka na D, inachojua ni kwamba mguu umetoka kwenye mafuta na mwendo unaongezeka, basi inapandisha: ya tatu, ya nne. Kwenye tambarare hivyo ndivyo unavyotaka. Kwenye mteremko wa Soni ina maana injini haikuzuii, na kazi yote ya kulizuia gari wameachiwa pedi na diski. Ukiniuliza tofauti ya yule baba na kijana wa fri, nitakwambia ni ndogo mno. Wote wawili walikuwa wanashuka kwa mguu mmoja.

Mguu huo mmoja una mwisho wake. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie hadi nyuzi 205 za Selsiasi ndiyo yachemke. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu, na yakishakuwa na maji asilimia 3.7 tu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Huku kwetu ukungu unalala barabarani mpaka jua lipande, na kuna magari hayajabadilishiwa mafuta ya breki tangu yashuke melini. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Ndipo mguu unapozama hadi kwenye zulia na gari linaendelea na safari yake. Yule baba alifika mahali pa kuanzia tu pa jambo hilo.

Nilimwomba aniruhusu nikae kwenye kiti chake, nikamwonyesha anavyoweza kuizuia isipande gia. Kisha nikamwita aone na IST yangu, maana yeye gari lake lilikuwa na mpangilio wake. Kwenye IST kuna kitufe kidogo pembeni ya mkono wa gia, O/D. Ukikibonyeza inawaka taa ya njano, O/D OFF, na gia ya nne inafungiwa. Watu wengi wakiiona taa ile wanakimbia kwa fundi kwamba gari limeharibika, na kuna mafundi wanaokula hela hapo. Halijaharibika, umeliambia lisivuke namba tatu. Ukishusha mkono hadi 2, halivuki namba mbili. L ni namba moja, ya mlima mkali kabisa au matope. Vitz za giaboksi ya mkanda, zile zisizoshtuka zinapobadilisha, nyingi hazina 2, zina S au B, kazi ni hiyo hiyo.

Mimi nikitoka Lushoto nabonyeza O/D mapema. Kuanzia Soni kwenda chini natia 2 na kuiacha hapo. Injini inanguruma, abiria mgeni anashtuka ananiambia dada gari linalia. Acha lilie, ndiyo kazi yake hiyo. Breki naigusa tu kwenye kona, naachia, naigusa tena, inapata muda wa kupoa. Nikifika Mombo naweza kushika rimu kwa kiganja. Yule baba alijaribu kushika yake, akaondoa mkono haraka.

Kwa hiyo hoja ya kwamba otomatiki haifai mlimani naikataa, na hoja ya kwamba mwenye klachi ni salama naikataa pia. Kanuni ya mjomba inafanya kazi kwenye yote mawili.

Kuna mahali manyuali inashinda kweli, na hapo sibishi. Betri ikifa uko Magamba kwenye ubaridi, kirikuu kinasukumwa na watu wawili, unatia namba mbili, unaachia klachi ghafla, kinawaka. Otomatiki hapana. Pampu inayosukuma mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha, bila presha gia hazishiki, hata msukume hadi Korogwe. Na kuivuta kwa kamba ndiko kuiua. IST inaendeshwa na magurudumu ya mbele, ukiiburuza nayo yanazunguka, huko ndani kunazunguka pakavu. Inyanyuliwe mbele au ipandishwe kwenye lori, basi.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Hapa nawasema mafundi wetu kwa mapenzi. Fundi anakwambia "haidroliki ni haidroliki", anafungua kopo lolote la mafuta mekundu, anamimina. Fimbo ya kupimia mafuta ya giaboksi ya IST yangu imechapwa aina inayotakiwa, T-IV, kwa herufi zinazosomeka. Zilizokuja baadaye nyingi zinataka WS, na zile za mkanda zina mafuta yao kabisa ambayo hayachanganywi na haya. Ukikosea, giaboksi haifi siku hiyo. Inaanza kuchelewa kushika, inashtuka ukitia R, halafu siku moja unakanyaga mafuta injini inanguruma na gari limekaa. Hapo unatafuta giaboksi ya mtumba Gerezani au Ilala, na hakuna anayejua hiyo nayo ilimwagiwa nini huko ilikotoka. Pleti ya klachi ukilinganisha na hilo ni mambo ya kawaida, fundi wa Mombo anaifunga unakunywa chai.

Basi mtoto wa dada alikuja Jumapili. Nilimpeleka uwanjani na kirikuu, kikiwa kitupu, nikamfanya aondoke kwenye kile kitelemko cha nyuma ya uwanja mpaka alipoanza kuisikia klachi bila mimi kumwambia. Kilizima, kiliruka, watoto wakashangilia. Si kwa sababu nataka anunue manyuali. Nataka asikie kwa mguu wake mwenyewe gia inavyolishika gari, akishasikia hivyo herufi za otomatiki hazitamwekea siri. Mchana tukahamia IST, tukashuka hadi Soni, nikamwambia ajaribu D kipande kifupi cha taratibu, halafu atie 2. Alipotia 2 akageuka kunitazama. "Kumbe ni kitu kile kile." Nikamwambia angalia mbele.

Tumekubaliana Vitz, otomatiki, kwa sababu Korogwe ni tambarare, kazini ni karibu, na akitaka kuliuza atapata mteja. Kabla ya kulipa tunakwenda kuliona Tanga. Tutavuta fimbo ya giaboksi kama inayo, tuangalie rangi na tunuse, mafuta yaliyoungua yanajisema. Tutatia R na D huku breki imekanyagwa, tusikie kama linachelewa. Na mafuta ya breki yanabadilishwa siku hiyo hiyo, sitaki historia.

Baba yake bado kanuna. Kasema atalipanda siku mwanawe atakapomshusha kutoka kwangu hadi Mombo bila yeye kusikia harufu ya breki, na kwamba atakaa mbele na dirisha likiwa wazi ili asidanganywe.